Uso kwenye kamera si hati ya ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja inayorudiwa sana siku hizi, vijiweni na hata redioni: kwamba anayeandika blogu anajificha nyuma ya maneno, na anayejirekodi video anajianika, kwa hiyo huyo wa pili ndiye wa kuaminiwa. Kwa hoja hii watu wanameza klipu ya sekunde 40 isiyo na tarehe, na wanaipita makala yenye majina, siku na viungo vya kuthibitishia. Naiona ni kosa, tena kosa linaloumiza watu.

Tuanze na kisa kinachojulikana. Mwaka 2006, YouTube ikiwa changa kabisa, msichana aliyejiita Bree alianza kurusha video kutoka chumbani kwake kwa jina la lonelygirl15. Alisema ana miaka 16, anasomea nyumbani, na wazazi wake wameshika dini kwa ukali. Kamera ilikuwa ile ya kompyuta, kitanda kikionekana nyuma, naye akisitasita, akicheka, akinung'unika kama binti yeyote wa umri wake. Watu wengi mno waliamini. Septemba mwaka huohuo ikajulikana kwamba Bree ni mwigizaji, Jessica Rose, na kwamba kila neno lilikuwa limeandikwa na kikundi kidogo kilichokuwa kinatengeneza tamthilia. Na waliomgundua hawakumgundua kwa kumkazia macho. Mashabiki wachache walifuatilia anwani ya IP (namba inayoonesha mtu ameingia mtandaoni kupitia wapi) ya aliyekuwa akiwajibu ujumbe kwa jina la Bree, ikawapeleka kwenye ofisi za wakala mkubwa wa waigizaji huko California. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kule kusitasita kwake nako kuliundwa.

Maandishi nayo hayana kinga. Februari 2011 ilianza blogu ya Kiingereza iliyodai kuandikwa na msichana wa Damascus aitwaye Amina, aliyesimulia maandamano ya Syria akiwa ndani yake. Mwezi Juni likawekwa tangazo kwamba ametekwa na watu wenye silaha. Vyombo vya habari vikubwa vikaitangaza habari hiyo na kampeni ya kutaka aachiwe ikaanza. Baada ya siku chache mwandishi akakiri: ni Tom MacMaster, mwanamume Mmarekani wa miaka 40 aliyekuwa akisoma Edinburgh, Scotland. Picha za "Amina" zilikuwa za mwanamke mwingine kabisa, aliyekuwa akiishi London bila habari yoyote. Hapa pia uongo ulifichuliwa na anwani za IP, picha ambazo mwenyewe halisi alipatikana, na swali moja rahisi ambalo lilichelewa kuulizwa: nani amewahi kukutana na Amina uso kwa uso? Hakuna.

Kwa hiyo anayelinganisha video na maandishi kwa kuuliza "nani anaonesha uso" anauliza swali lisilosaidia. Cha kuuliza ni kama kazi hiyo imeacha alama ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata mpaka mwisho. Video ina alama zake na maandishi yana zake, na kila upande una mahali pa kuzifutia.

Nguvu ya video nitaieleza kwa haki, maana ni kubwa. Kamera hunasa mambo ambayo mpigaji hakukusudia kuyanasa. Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wao wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya Kamerun mwanzoni ilisema ni uzushi. Waandishi wa BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, wakaichambua fremu kwa fremu. Mstari wa milima nyuma ya watu wale ukalinganishwa na picha za setilaiti na kuangukia karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Majengo yaliyoonekana, na njia ambayo hujitokeza wakati wa kiangazi tu, vikapunguza miezi ambayo tukio lingeweza kuwa limetokea. Mwisho kivuli cha askari anayetembea kikatumika kama saa ya jua, na tarehe ikabanwa kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Hakuna makala ya maneno matupu ambayo ingefika huko.

Lakini angalieni kilichofanya kazi pale: mlima, ukuta, njia, kivuli. Sasa fikirieni jinsi chaneli zetu nyingi zinavyorekodi. Mtangazaji amekaa mbele ya pazia, taa ya duara imemulika uso mpaka vivuli vyote vimekufa, muziki umewekwa chini ya sauti, na picha imebana kuanzia kifuani hadi utosini. Kila kitu ambacho kingeweza kushuhudia mahali na wakati kimeondolewa. Kilichobaki ni mtu anayetuomba tumwamini, ambalo ndilo lilelile tunalomlaumu nalo mwandishi wa blogu.

Kuna mambo mengine ambayo mtazamaji wa kawaida haambiwi. Tarehe anayoiona chini ya video ni ya kupandisha, si ya kurekodi. Mafuriko ya miaka minne iliyopita yakipandishwa asubuhi ya leo yatasomeka kuwa ya leo. Halafu, mwenye chaneli anaweza kubadilisha kichwa cha video na picha ya jalada wakati wowote, na idadi ya waliotazama inabaki palepale. Video iliyopata watazamaji laki mbili kwa kichwa cha uchochezi inaweza kesho kuvaa kichwa cha upole, na asijue mtu. Kubadilisha faili lenyewe ndiko kusikowezekana. YouTube inaruhusu kukata kipande au kutia ukungu, lakini ukikosea jina la mtu katika dakika ya tatu huwezi kuingiza sentensi sahihi mahali pake kwa kiungo kilekile. Ufanye nini? Wengi huandika masahihisho kwenye maoni, ambayo mtazamaji wa simu hayafungui. Kosa linaendelea kusemwa, kwa sauti ileile ya uhakika, kila video inapochezwa.

Na urefu. Video ikifika dakika 8, mwenye chaneli anayelipwa na YouTube anaweza kuweka matangazo katikati yake, si mwanzoni na mwishoni tu. Ndiyo maana habari ya dakika mbili inazungushwa, inarudiwa, "kabla sijaendelea naomba usabskraibu", mpaka kipimo kifike. Kuingia kwenye mpango kamili wa kulipwa kwa matangazo kunataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Mtu anayefukuzia saa 4,000 ana kila sababu ya kutafuta kiki. Simlaumu anayetafuta riziki. Nasema mtazamaji ajue ni mizani gani inayopima kile anachokiona.

Kwa hapa Tanzania kuna sababu nyingine iliyowasukuma watu kutoka kwenye maandishi. Enzi ya blogu ya Jikomboe ya Ndesanjo Macha, na ya blogu ya Issa Michuzi iliyoanza 2005, kufungua blogu kulikuwa bure. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilipokuja, mwenye blogu alitakiwa kulipa Sh100,000 ya maombi, Sh1,000,000 ya leseni na Sh1,000,000 ya kila mwaka. Juni mwaka huo hata JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ililazimika kufunga kwa muda. Kanuni zilikuja kubadilishwa, lakini mwalimu aliyekuwa akiandika historia ya wilaya yake bila kupata senti hakuwa na hoja ya kutoa milioni mbili. Waliobaki ni wenye biashara, na biashara ikaelekea kwenye video. Haikuwa kwamba wasomaji walikaa wakapima na kuona video ni kweli zaidi.

Nirudi kwenye maandishi, maana nayo yana dhambi yake kubwa: kurekebishwa kimyakimya. Mwandishi anaweza kufuta aya nzima usiku, asubuhi akasema hakuwahi kuiandika. Dawa yake ipo na ni ya bure. Msomaji akiona jambo zito, aingie web.archive.org, hifadhi ya kurasa za mtandao, abandike kiungo kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, na nakala yenye tarehe na saa itabaki huko. Skrinishoti peke yake haitoshi, kwa sababu mtu yeyote mwenye simu anaweza kubadilisha maneno ya ukurasa kabla ya kuupiga picha. Na mwandishi mwenyewe, akisahihisha, aandike chini: "Imesahihishwa Mei 4, saa 3 usiku. Awali tuliandika wodi ina vitanda 60. Sahihi ni 16." Msomaji aone kilichokuwepo na kilichowekwa. Kuandika tu "imeboreshwa" ni kuficha.

Wepesi wa maandishi nao ni sehemu ya uaminifu wake. Makala ya maneno 1,000 ya Kiswahili, bila picha, ni kama KB 7. Video ya dakika 10 kwa ubora wa 720p inakula kati ya MB 100 na 200. Yaani kwa bando la video moja msomaji angeweza kufungua maandishi ya namna hiyo zaidi ya mara elfu kumi. Mwenye bando dogo haangalii video mara ya pili ili kuhakikisha alichosikia; makala atairudia, ataitafuta kwa neno, ataibandika kwenye kundi la WhatsApp, na mwenzake ataipinga mstari kwa mstari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na neno lililosemwa dakika ya 17 ya video ya saa nzima ni mali ya namna hiyo.

Sasa juu ya mashine. Mpaka miaka michache iliyopita mtu angeweza kusema kwamba video ni ngumu kughushi. Leo sauti ya mtu inaigwa kutokana na kipande kifupi cha hotuba yake, na midomo inalazwa juu ya maneno ambayo hakuyasema. Tangu Machi 2024 YouTube inamtaka mwenye video atangaze ikiwa maudhui yanayoonekana halisi yametengenezwa au kubadilishwa kwa akili bandia, lakini tangazo hilo linaanza na mwenye video mwenyewe, na mwongo hajazi fomu kwa uaminifu. Kwa maandishi hali si nzuri zaidi. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, walitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, na wenyewe walikwisha sema kwamba nje ya Kiingereza kilifanya vibaya zaidi. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia ana programu inayopima ukweli wa makala ya Kiswahili kwa asilimia. Hiyo ni chai.

Naombeni uvumilivu wa wasomaji kwa maelezo ya kazi yenyewe, kwa kuwa lawama bila njia haisaidii.

Anayerekodi tukio aanze na sekunde 10 za picha pana kabla ya kusema lolote: barabara, kibao cha duka, mwinamo wa kilima, anga. Azungushe simu polepole. Hizo sekunde 10 ndizo zitakazomtetea mwaka ujao akiambiwa alirekodi kwingine. Kisha aseme kwa sauti tarehe, saa na mahali. Maiki ndogo ya kubana nguoni ikae kama shubiri moja chini ya kidevu. Ikiwa mbali zaidi, sauti inakuwa ya pangoni, na hapo mhariri hukimbilia muziki kufunika. Muziki ukifunika, umefunika pia adhana, honi, mvua na lafudhi za wapita njia, yaani ushahidi wa mahali.

Faili la awali lisiguswe. Simu nyingi zikirekodi kwa 1080p, fremu 30 kwa sekunde, hutumia takribani MB 60 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo mahojiano ya saa nzima ni GB 4 hadi 8. Kadi ya GB 64 inatosha kwa kazi ya wiki. Nakala moja ibaki kwenye kadi, nyingine kwenye kompyuta. Kumtumia mwenzako kwa WhatsApp kama video ya kawaida ni kuliharibu: linabanwa, na taarifa zake za ndani za siku, kifaa na mahali zinapotea. Litumwe kama dokumenti, litafika zima, ilimradi halizidi GB 2. Lakini hapa kuna hatari ambayo lazima isemwe wazi. Taarifa hizohizo za mahali zinaweza kumfichua mtoa habari. Kama umemrekodi nyumbani kwake mtu anayeogopa, zima alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kuanza, wala usiahidi kuifuta baadaye. Kutia ukungu usoni nako hakutoshi ikiwa sauti ni yake na ukuta wa nyuma unajulikana mtaani.

Katika kuhariri, jambo linaloharibu ukweli kuliko yote ni mkato ndani ya jibu. Mtu amesema, "Fedha zilichelewa, lakini hazikuibwa." Ukikata baada ya "zilichelewa" na kuweka picha ya jengo juu ya mkato, hakuna mtazamaji atakayejua. Picha za kufunikia zina kazi yake, lakini zisitumike kufunika mkato wa maneno ya mhojiwa. Mkato uonekane, uruke, hata kama unachukiza macho. Au weka nukta tatu kwenye maandishi ya chini. Na swali lisikike. Jibu bila swali linaweza kupachikwa popote.

Kisha yaje maandishi, ambayo wenye chaneli wengi wanayaacha tupu au wanajaza namba za simu za matangazo. Sehemu ya maelezo chini ya video inatosha kueleza imerekodiwa lini, wapi na nani, imekatwa kutoka dakika ngapi hadi ngapi, na nyaraka zilizotajwa zinapatikana wapi. Ukiweka alama za dakika zikianzia 00:00, zikiwa tatu au zaidi na kila sehemu isipungue sekunde 10, YouTube itazigawa yenyewe kuwa sura, na mtazamaji ataenda moja kwa moja kwenye dai analotaka kulikagua. Mwisho, nukuu nzima ya maneno, yaani yote yaliyosemwa yakiwa yameandikwa. Dakika 10 za mazungumzo ni kama maneno 1,200, na kuyachapa kwa mkono huchukua muda mara nne ya video yenyewe, yaani dakika 40 hivi. Ukitumia mashine kunukuu, soma ulinganishe na sauti mwanzo hadi mwisho. Majina ya watu na ya vijiji ndiyo yanayoharibika kwanza, na hayo ndiyo yanayompeleka mtu mahakamani.

Kwa anayeandika, maelezo ya picha yamtaje aliyeipiga na siku. Ikiwa ni ya zamani, iandikwe "picha ya maktaba", kama magazeti yalivyofanya miaka yote. Kiungo kielekee kwenye waraka wenyewe, hotuba yenyewe, jedwali lenyewe, na si kwenye blogu nyingine iliyonakili kutoka blogu ya tatu.

Naye msomaji anayetilia shaka klipu asimamishe video mahali penye kibao au jengo, apige skrinishoti, aipitishe Google Lens, chombo cha kutafuta kwa picha. Ajaribu fremu nne au tano, kwa kuwa fremu ya uso mara nyingi haileti kitu, ila ya jengo huleta. Asikilize lugha ya watu wa nyuma. Video inayodaiwa kuwa ya Mbeya ambamo magari yanaendeshwa upande wa kulia wa barabara haihitaji mtaalamu.

Wapo watakaosema yote haya ni ya waandishi wa habari, wao wanafanya burudani tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, haijatofautisha hivyo. Inataja taarifa za uongo zilizo katika picha, maandishi, alama au namna nyingine yoyote, zikichapishwa kwa kujua na kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua Sh5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Nina mashaka yangu juu ya upana wa kifungu hicho, na hiyo ni barua nyingine. Ila hapo sheria imeweka picha na maandishi kwenye sentensi moja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na linahusu chumba chako cha habari. Gazeti lenu, kama mengine, lina chaneli ya video, na nyingi ya video hizo hazina maandishi yoyote chini yake zaidi ya kichwa. Kwa ukurasa wa karatasi mna utaratibu wa masahihisho. Kwa video sijauona. Tunaomba kila video ya habari iwe na tarehe ya kurekodi, jina la mahali, jina la mpiga picha na nukuu ya maneno ya mhojiwa mkuu, na kichwa kikibadilishwa baada ya kurushwa, kile cha kwanza kibaki kimeandikwa kwenye maelezo pamoja na sababu. Mnaweza kuanza na video mlizorusha wiki hii. Faili zake za awali bila shaka bado mnazo.

Wako,
Msomaji na mwandishi wa mtandaoni,
Dar es Salaam